Maisha yamekubana na ndoo za funza wa BSF ziko uani: upunguze, ununue mbegu, ugawe au ufunge kabisa?

Saa nne usiku nimeshuka mwendokasi Kimara, nikadandia bodaboda mpaka home, mvua ilikuwa imenyesha jioni yote, nafungua geti kwa tochi ya simu na kitu cha kwanza naona ukuta wa uani unatembea. Sio utani. Funza wa BSF (black soldier fly, nzi mweusi ambaye funza wake wanamaliza maganda na wanaliwa na kuku) ukuta ukiwa mkavu na laini hawezi kupanda, ila ukilowa anapanda kama mjusi, sasa bati lilisogea, maji yakaingia kwenye mabeseni na wao wakaamua kuhama, mia kadhaa wameshafika kibarazani kwa mpangaji mwenzangu. Nimefagia funza kwa ufagio wa chelewa mpaka saa sita kasoro, na viatu vya kazini mguuni. Usiku ule ndo nikaanza kujiuliza kama hii hobi bado naiweza.

Nilianza na beseni moja na kuku watano. Sa hivi kuku ni 11, mabeseni 6, ndoo mbili za maganda na chandarua cha nzi nyuma ya jiko. Afu mwaka huu kazi imehamia Kibaha, mtoto wa pili kazaliwa, foleni nayo unaijua. Na kabla hujaniuliza kama kila mtu anavyoniuliza, hapana, haukuwa mradi. Huku kwetu ukifuga kitu chochote swali la kwanza ni unaingiza shilingi ngapi, ukisema unapenda tu kuangalia mdudu anavyogeuza ganda la ndizi kuwa kitoweo cha kuku watu wanakuangalia mara mbili. Ndo maana kuacha nako ni kugumu, mradi ukifa unasema haukulipa, yameisha, sasa hobi ukiiacha unasema nini?

Basi kwa yeyote aliyebanwa kama mimi, nimeweka hapa njia nne. Tatu nimezipitia mwenyewe kwa nyakati tofauti, ya nne nimeianza nikarudi katikati, ila shemeji yangu kaimaliza kabisa na mi ndo nilikuwa msaidizi wake. Siwezi kukwambia ipi bora maana sijui uani kwako pakoje na kazini wanakutoa saa ngapi.

Kwanza ujue saa ya mdudu

Mbwa ukichelewa kumlisha anakusubiri getini. Funza hana habari hiyo. Kwa joto la Dar yai linaanguliwa siku ya nne hivi, funza anakula kama wiki mbili, anageuka kahawia mpaka mweusi, anaacha kula kabisa, anatoka kwenye uchafu kutafuta pakavu penye giza, analala wiki mbili hivi, anatoka nzi. Nzi wa BSF hana shida ya chakula, anaishi kwa mafuta aliyojiwekea utotoni, anachotaka ni maji kidogo na jua la kupandana, jike anataga mayai kama 500 na baada ya hapo safari yake imeisha. Wiki moja hivi tangu atoke kwenye ganda, kashakufa. Jumla ni kama siku 40, na kipupwe cha Juni mpaka Agosti zinaongezeka.

Kwanini nakwambia yote haya? Kwa sababu uamuzi wowote utakaochukua leo utautekeleza kwa ratiba yake yeye. Funza anayekula hawezi kusubiri wikiendi, ukimnyima chakula siku kadhaa anadumaa au anatoroka, ukimmwagia cha wiki nzima kwa mpigo chakula kinachacha, joto linapanda (beseni lililojaa funza ukilishika kwa nje unadhani kuna uji wa moto), wanaanza kukimbia. Aliyelala ndo mwenye subira. Kwahiyo siku unaamua, nenda kaangalie kwanza una wangapi wanaokula na wangapi wamelala.

Vitu ninavyopimia

Muda kwanza. Na hapa fanya nilichofanya mimi, jipime wiki nzima kwa simu badala ya kukisia. Mimi nilikuwa natumia dakika 50 kwa siku na nilikuwa nimeshajiaminisha kwamba mabeseni ndo yananimaliza. Kumbe kuzoa maganda kwa mama ntilie na kuyakatakata ni dakika 15, mabeseni yenyewe dakika 10, kufagia na kuosha kama 5, na chandarua peke yake dakika 20! Kunyunyizia maji, kutoa nzi waliokufa, kubadilisha vijiti wanapotagia mayai, kuhamishia mayai kwenye kibeseni chake, kulaza wale weusi kwenye maranda. Yaani kinachokula muda ni uzazi, ulishaji ni kitu kidogo. Hili lilinibadilisha mawazo yote na nitalirudia tena huko chini.

Pili hela, ya kutoka na ile unayookoa, maana kuku wakikosa funza protini inabidi itoke kwenye dagaa au mashudu ya alizeti na hivyo vinanunuliwa. Tatu majirani, harufu, na wadudu kuzagaa. Nne kuku wako na takataka zako, nani atakula nini ukishaacha. Tano ni kurudi, maisha yakilegea utaanzia wapi. Hivyo vitano nitavipitisha kwa kila njia ila sitavipa uzito sawa, kuna sehemu hamna cha kusema.

Njia ya kwanza: unabaki na kila kitu ila kidogo

Hii ndo watu wengi wanaanza nayo kwa sababu haiumi. Mabeseni sita yanakuwa mawili, chandarua kinakuwa kidogo, unajiambia nimepunguza mzigo.

Muda: unapungua ila sio kama unavyodhani. Mimi kutoka mabeseni sita kwenda mawili nilitegemea theluthi ya kazi, nikapata dakika 30 badala ya 50. Chandarua chenye nzi 200 kinataka maji asubuhi sawasawa na chenye nzi 2,000, huwezi kukinyunyizia theluthi ya safari.

Afu kuna ubaya mwingine ambao sikuujua mpaka yaliponikuta. Ukoo mdogo ni dhaifu. BSF wanapandana juani, sasa njoo masika, Machi mpaka Mei, mawingu siku saba mfululizo, kwenye kundi kubwa kila siku kuna wanaotoka kwenye maganda kwahiyo jua likichomoza siku ya nane kuna wa kulitumia. Kwenye kundi dogo waliotoka Jumatatu wameshakufa Jumapili bila kutaga na hamna waliofuata. Aprili mwaka juzi nilikaa siku tisa nachungulia vijiti vitupu.

Hela: karibu bure. Kasoro kosa langu moja la kijinga la mwanzoni kabisa, nilitumia chandarua chenye dawa, kile cha kugawiwa, nikafurahi kwamba nimebana matumizi, asubuhi nzi wote chali. Dawa iliyowekwa kuua mbu haijui kwamba huyu ni rafiki. Tumia neti ya kawaida isiyo na dawa.

Majirani: nafuu sana, mabeseni mawili chini ya bati zuri na miguu ya meza ndani ya makopo ya oili chafu (sisimizi, bana, sisimizi ni adui kuliko jirani) hamna atakayejua. Kuku na takataka: kuku 11 hawatashiba utamu, ila maganda ya nyumbani kwako yataisha. Kurudi: hamna njia inayoishinda hii kwa kurudi, ukoo upo, ukipata nafasi ndani ya miezi miwili mitatu umejaa tena.

Inamfaa nani: anayerudi nyumbani jua likiwa bado lipo, au mwenye mtu mzima wa pili nyumbani asiyeogopa nzi. Na aliyebanwa kwa muda mfupi unaojulikana, mfano mitihani au uzazi. Kama unatoka saa kumi na moja alfajiri na kurudi usiku kila siku, hii njia itakudanganya miezi miwili afu itakufia mkononi.

Njia ya pili: unaua uzazi, unanunua mbegu

Hapa ndo ile hesabu ya dakika 20 inarudi. Unatoa chandarua. Hufugi nzi tena. Unanunua funza wachanga wa siku tano au sita kutoka kwa wanaozalisha, wenyewe wanaita mbegu, unawalisha siku kumi hivi, unavuna wote kabla hawajawa weusi, unawapa kuku, basi. Ukitaka tena unanunua tena, usipotaka beseni limegeuzwa chini na hamna anayekudai.

Muda: siku za kulisha dakika 15 kwa siku, tena unaweza kulisha siku moja ukaruka moja au mbili ukizoea kipimo. Siku nyingine zote sifuri. Kwa mtu wa zamu hii ni kama mvua ya kwanza baada ya kiangazi, unapanga beseni lianguke kwenye zamu yako ya mchana, wiki ya usiku hamna kitu uani.

Hela: hapa ndo inapouma. Uliyekuwa unapata mbegu bure kutoka kwa nzi wako sasa unalipa kila raundi, na nauli ya bodaboda juu. Bei sitakutajia kwa sababu kila muuzaji ana yake na inapanda masika mayai yakiwa machache. Fanya hesabu dhidi ya dagaa utakaonunua kwa muda huohuo. Kwa kuku watano sioni kama inalipa, kwa kuku 20 na kuendelea huenda. Na kumbuka funza kwa kuku ni kitoweo, sio ugali, pumba na mahindi utanunua vilevile.

Kuna ubaya wa muuzaji pia. Mmoja, simtaji, alinitumia mbegu kwenye basi ndani ya chupa ya maji iliyofungwa kifuniko, imefika imechemka, natoa uji. Omba chombo kipana chenye matundu, ikiwezekana chenye kina kifupi, na wawekwe na chakula kikavu kikavu kama pumba, sio maji maji.

Kuna watu wanaruka muuzaji kabisa, wanatega wa porini. Hawa nzi asili yao ni Amerika ila walishasambaa dunia nzima yenye joto, huku kwetu wapo, hujiulizi wale funza weusi weusi wa chooni na kwenye jalala walitoka wapi. Unaweka ndoo ya maganda yaliyochacha kivulini, juu yake vipande vya boksi la katoni vyenye zile njia ndogo ndogo ndani, unasubiri. Utofauti wa kuujua: nzi wa kawaida anataga juu ya uchafu wenyewe, BSF anataga pembeni, kwenye ufa mkavu karibu na uchafu. Ukiona kijichungu cha rangi ya maziwa yaliyoganda ndani ya njia ya boksi, hao ndo wenyewe. Ila ni bahati nasibu na ndoo inanuka, kwa aliyebanwa simshauri.

Majirani: wanakupenda. Muda wa funza kuwepo ni mfupi na nzi hamna kabisa, watu wa uani kwangu walichokuwa wanalalamikia ni nzi wa kwenye chandarua, hata nilipowaambia haumi na hagusi chakula chako maana hana shida na kula. Kuku na takataka: kuku wanapata kwa misimu, na takataka ni tatizo kidogo, mama ntilie anazalisha maganda kila siku na wewe unayataka siku kumi hivi kwa mwezi.

Kurudi: rahisi, bakisha tu kikombe kimoja cha funza wasivunwe, wawe weusi, walale, chandarua unacho.

Inamfaa nani: wa zamu, anayesafiri safiri, na yule anayependa kulisha na kuvuna ila hajawahi kupenda kazi ya mayai. Haimfai ambaye kilichomleta kwenye haya mambo ni kuangalia nzi wakitaga asubuhi. Wapo hao, na mi ni mmoja wao kidogo.

Njia ya tatu: unampa mtu

Shida ya hii ni mtu. Wanaosema nipe ni wengi, ukituma picha ya kuku wamenawiri unapata kumi, ukiwaambia njoo Jumamosi saa tatu nikufundishe wanabaki wawili.

Nilishawahi kugawa nusu ya ukoo kwa kijana wa mtaa wa pili, mwepesi, ana kuku, ana eneo, nikampa bure na mabeseni juu. Wiki tatu baadaye napita naona mabeseni yangu yanafulia nguo. Sikumlaumu, mi ndo nilikosea mambo mawili. Nilimpa funza wanaokula, wanaotaka kazi kesho yake asubuhi. Na nilimpa bure kabisa. Shemeji mwaka jana alifanya kinyume, alitoa waliolala tu, maboksi mawili na maranda makavu, na akachukua hela ya jogoo mmoja. Waliolala hawali, hawanywi, hawanuki, wanasafiri hata Morogoro ndani ya boksi kwenye basi bila abiria yeyote kujua, na aliyepokea ana kama wiki mbili za kujipanga kabla nzi hawajatoka. Ile hela nayo iliuma kiasi cha kumfanya mtu anunue neti.

Muda: kwa wewe Jumamosi mbili, moja ya yeye kuja kuangalia, moja ya kubeba. Na simu. Usisahau simu, mwezi wa kwanza atakupigia ukiwa kazini kuuliza kwanini wamekuwa weupe (wamevua ngozi), kwanini wanatoka (umemwaga maji mengi), kwanini hawatagi (jua). Kama huwezi kupokea hizo simu, sema mapema.

Hela utapata kidogo au hamna. Majirani, tatizo linahamia kwa majirani wa mwenzio, uliza kama anakaa nyumba ya kupanga yenye mlango mmoja mmoja, maana ukimpa wa vile umempa ugomvi. Kuku wako wanarudi kwenye dagaa. Takataka sasa, huyu mtu mtambulishe kwa mama ntilie wako kama yupo karibu, maana ndoo ya kila jioni ni mali.

Kurudi: kama mlikubaliana, nzuri sana. Shemeji aliweka sharti moja tu, nikirudi unanipa boksi moja la waliolala. Ni kama kumkopesha mtu mbegu ya mahindi. Hawakuandikiana, ila sharti lipo.

Inamfaa nani: ambaye hataki kuona ukoo unakufa, na ana mtu wa kweli sio wa kwenye simu. Kama huna mtu huyo sa hivi usimtafute kwa wiki mbili huku funza wanakufa njaa, chukua njia nyingine.

Njia ya nne: kufunga kabisa

Watu wanaikwepa hii kama vile ni kushindwa. Si kweli, ukiifanya vizuri ndo safi kuliko zote, ila ina namna mbili na zinatofautiana sana.

Namna ya taratibu: siku ya kwanza unatoa vijiti vya mayai, nzi waliopo wanaishi siku zao wanaisha. Unaendelea kulisha mabeseni, kila beseni likifika unavuna, hulijazi tena. Waliolala nao wape kuku kidogo kidogo kabla hawajatoka nzi. Wiki tatu uani peupe, na kila wiki kazi inapungua.

Namna ya haraka: Jumamosi moja, sufuria kubwa, maji yanayochemka. Unachekecha funza kutoka kwenye mboji, unawasuuza, unawamimina kwenye maji moto, wanakufa papo hapo, unawaanika juani juu ya bati mpaka wakauke wanalia kaukau, unaweka kwenye ndoo yenye mfuniko. Hicho ni chakula cha kuku cha wiki kadhaa. Kuwaanika hai ili wafe na jua, usifanye, ni mateso ya saa nzima kwa kitu ambacho maji yanamaliza mara moja, na wengine wanatoroka. Na usipulizie dawa ya wadudu, umeua na kitoweo.

Kitu cha kutokufanya hata kama umechoka vipi ni kufunika mabeseni na kusema watajifia. Wanakufa kweli, na chakula kilichobaki kinaoza bila wa kukila, inzi wa kawaida wanaingia, na sasa ndo una funza wale wasiotakiwa na jirani ana haki ya kukuitia mjumbe. Kumwaga mtaroni ni hivyohivyo. Nzi wa BSF wachache wakiruka hawamdhuru mtu, wapo tayari huko nje, ubaya upo kwenye beseni lililotelekezwa.

Muda: wiki tatu zinazopungua au siku moja nzito. Hela: mwisho wa kutoka, ila bajeti ya dagaa inaanza, na mabeseni, neti, chekecheke vinauzika. Majirani: sherehe. Mboji iliyobaki usiimwage moto moto kwenye mchicha, bado inachacha itaunguza, irundike kivulini iwe inalowanishwa kidogo kidogo mwezi hivi ndo uitumie.

Takataka ndo sehemu iliyonikwamisha. Mama ntilie wangu alikuwa ananiwekea ndoo kila jioni, maganda ya viazi, ndizi, mabaki ya wali usio na mchuzi maana nilishamwambia chumvi na mafuta mengi sitaki, miaka mitatu, na yeye kwa hilo alikuwa halipi mtu wa kuzoa. Nilipoanza kufunga nikapita mbele ya banda lake siku tatu bila kusimama. Siku ya nne kaniita, baba vipi, wadudu wako wamefunga mwezi? Nikaona haya. Kama unafunga, mwambie anayekupa ndoo kabla hujamwambia yeyote, na mpe wiki moja ya kujipanga.

Kurudi: unaanza na mbegu ya kununua, hamna ukoo. Ila mikono inakumbuka, mwaka wa kwanza wa kuua ua hutaurudia.

Inamfaa nani: anayehama nyumba, mwenye mgonjwa nyumbani, ambaye mwenye nyumba kashasema, na ambaye akiwa mkweli na nafsi yake hajafungua lile chandarua kwa raha tangu mwaka jana.

Sasa kwa hali yako

Umebanwa chini ya miezi miwili na mwisho unaujua: punguza, ila kabla ya kupunguza tazama kalenda, kama masika inaingia acha wengi zaidi walale kuliko ulivyopanga.

Kazi ya zamu au safari za kila mwezi, kuku zaidi ya 20: nunua mbegu, jaribu raundi mbili kabla hujauza chandarua.

Kuku chini ya kumi na hobi ilikuwa ni ya kumaliza maganda ya jikoni tu: nunua mbegu mara moja moja ukijisikia, au funga taratibu, hesabu ya hela haitakusaidia kuamua hapa.

Unahama ndani ya wiki mbili: namna ya haraka, maji moto. Waliolala mpe mtu kama yupo, hata asiye na uzoefu, muda anao.

Una mtoto mchanga na mwenzio kashakwambia mara tatu: usipunguze. Utakuwa umepunguza na ugomvi umebaki palepale. Toa chandarua wiki hii afu mengine mtaongea.

Unafuga nyenje na sio BSF: kugawa na kufunga ni vilevile, ila usiwaachie nje kama uliletewa kutoka mbali, na kumbuka nyenje bila maji na chakula wanaanza kulana siku hizohizo, kwahiyo usiwaache wikiendi ukiwa unafikiria.

Mimi nimeishia kwenye mbegu, raundi moja kwa mwezi, wiki ambayo siendi Kibaha alfajiri. Mama ntilie nimemtambulisha kwa mzee mmoja mwenye nguruwe upande wa pili wa barabara, anachukua ndoo kila siku na mi nachota kidogo zamu yangu ikifika. Chandarua nimekifua, mke wangu kakifunikia miche yake ya nyanya, na kuna boksi moja la waliolala juu ya kabati ambalo hajaniuliza bado.